Asali Iliyorudi Basotu

Simu ililia ikiwa sikioni mwangu.

Ngoja nieleze vizuri. Nilikuwa napita mbele ya mashine ya kusaga pale Dongobesh, ambapo wazee wa mtaa wetu hukaa kwenye gogo wakisubiri unga wa wake zao, au wakisingizia kuusubiri. Kwetu binti hapiti mbele ya wazee hivi hivi. Anasimama, anatoa shikamoo kwa kila mmoja, anaulizwa habari za baba, za mama, za ng'ombe na za shamba, ndipo anaendelea na safari yake. Mimi hilo lilikuwa limenishinda. Nilikuwa na mbinu yangu: nikifika kona ya duka la mbolea natoa simu, naiweka sikioni, naanza kuongea na mtu ambaye hayupo. "Ndiyo... ndiyo mama, nimekuelewa... sketi ya mtoto iko tayari..." Napita nimeinamisha kichwa, mkono mmoja nimeunyoosha kuomba radhi, mtu mwenye shughuli zake. Mbinu hiyo ilinisaidia miezi mingi.

Siku hiyo nilikuwa katikati ya "nimekuelewa" simu ikaita. Kwa sauti yote, na ule mlio wa kwaya niliokuwa nimeuweka mwenyewe.

Mzee Bura, jirani yetu, akavuta ugoro wake taratibu, akasema, "Binti wa Tluway, huyo unayeongea naye anakupigia."

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nilikimbia. Nilifika nyumbani nimelowa jasho, na baridi ile ya kwetu mnaijua, na siku zilizofuata sikutoka nje ya geti. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu kwenye cherehani. Wakati ule niliona bora ardhi ipasuke inimeze.

Naitwa Natalia, ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Nakuandikia wewe uliyejifungia chumbani, unayesoma haya kwenye simu hiyo hiyo inayokula siku zako, na nje unasikia mgeni anapiga hodi na unaomba Mungu aondoke. Sina elimu ya udaktari na sitajifanya ninayo. Nitakwambia tu yaliyonipata, jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopata nafuu, kwa sababu mimi nilipokuwa humo nilidhani niko peke yangu Mbulu nzima.

Sikuogopa shikamoo yenyewe. Shikamoo ni neno moja, na jibu lake linajulikana. Niliogopa kinachofuata baada ya marahaba. Watauliza nini? Nitajibu nini? Nikikosea watasema nini nikishaondoka? Kule kutojua ndiko kulikokuwa kunaniua. Kwenye simu mambo hayakuwa hivyo. Meseji unaandika, unasoma, unafuta, unaandika tena, mpaka iwe salama. Mtu wa kwenye gogo humwezi. Ukishasema umesema.

Basi nikahamia kwenye simu. Wateja niliwaambia wanitumie vipimo kwa WhatsApp, wasije kwangu. Ibada nikawa naifuata kwa simu, nikiwa kitandani, kanisa likiwa pale ng'ambo ya barabara. Na kadiri nilivyojificha, watu wakawa wanatisha zaidi. Mtu niliyekuwa namsalimia vizuri mwezi uliopita, mwezi huu namkwepa. Mdomo ninao, tena mama anasema nilizaliwa nao mkubwa, ila ulikuwa umehamia kwenye vidole.

Mwili nao haukubaki nyuma. Kidole gumba kikawa kinauma mpaka nikishika sindano nashtuka. Shingo ilikaza. Nilikonda. Nilikuwa na sketi yangu ya bluu ya kutokea, nikaipunguza kiunoni, baada ya muda nikaipunguza tena. Fundi hadanganywi na nguo, nilijua kuna kitu kinanila, ila sikukitafutia jina.

Katika hali hiyo hiyo, Mungu ana utani wake, nikapata mchumba.

Emanueli ni wa Basotu, anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Alikuja Dongobesh kwa shughuli zake, ovaroli ikachanika, akaelekezwa kwangu. Alisimama mlangoni bila kuongea, nami sikuongea, akanyoosha mkono akanipa ovaroli. Nikaishona. Aliporudi kuichukua akaniomba namba. Tukapendana kwa meseji, na nasema kweli kabisa, nilimpenda. Anaandika vizuri yule, ana utani wa polepole ambao unaucheka kesho yake. Ila mashambani huko mtandao unakuja na kuondoka. Nikiona tiki moja tu, nakaa nayo mkononi. Nikiona tiki mbili na hajajibu, ndiyo balaa. Nitaandika, "Umefika?" Nitaandika, "Nimekukosea?" Nitaandika, "Haya, nimeelewa." Maskini Emanueli anashuka kwenye trekta jioni anakuta ameshaachwa na amerudiwa, yeye hajui lolote.

Mwisho wa masika akaniambia wazee wake wanakuja kuleta posa.

Sasa hapa lazima nikueleze jambo la ukoo wetu. Najua kuna makabila ambako binti akiulizwa akanyamaza, wanasema amekubali, aibu tu. Kwetu sivyo. Babu yetu alikuwa na dada aliyeolewa kwa kunyamaza hivyo hivyo. Alikaa kwa mume akilia mpaka akarudi nyumbani amechakaa. Babu akaweka sheria nyumbani kwake: binti ataulizwa mara tatu mbele ya wageni, na atajibu mwenyewe kwa mdomo wake. Asipojibu, asali ya posa inarudi ilikotoka. Ni sheria nzuri, na iliwekwa kutulinda sisi mabinti. Babu hakuwaza kwamba atazaliwa mjukuu anayetaka kusema ndiyo na hawezi.

Wakaja. Baba yake Emanueli ni mfugaji, mzee mrefu wa Kibarbaig mwenye shuka na fimbo, mtu wa maneno machache. Walikuja na mablanketi ya wazazi na dumu la asali, likawekwa katikati ya sebule. Nikaitwa. Shangazi Veronika, dada yake baba, ndiye aliyenishika mkono kuniingiza, kama ilivyo desturi. Nikaona macho. Sebule yetu ni ndogo, ila siku ile niliona macho tu.

Baba akauliza, "Natalia, hawa wageni unawafahamu? Asali yao tuipokee?"

Koo likafunga. Nasema likafunga, siyo kwamba sikutaka. Nilisikia mapigo ya moyo masikioni, mikono ikafa ganzi. Akauliza mara ya pili. Shangazi akanibinya kiganja. Nikajichomoa nikakimbilia stoo, tunakohifadhi vitunguu saumu, nikafunga mlango, nikatoa simu nikaandika: "NDIYO. Jamani ndiyo, waambie wapokee." Nikaituma kwa Emanueli aliyekuwa amekaa sebuleni hatua chache kutoka pale.

Nilisikia yote kupitia ukuta. Nilimsikia Emanueli akisimama, anasema kwa furaha, "Amejibu! Wazee, amejibu, ona hapa!" Kisha sauti ya baba yake, taratibu: "Weka hiyo simu. Tumekuja kuoa binti, hatukuja kuoa simu."

Baba akauliza mara ya tatu, kwa sauti, akiuelekea mlango wa stoo. Niliusogelea ule mlango nikaweka kipaji cha uso kwenye mbao. Mungu ananiona, niliifungua midomo. Hakuna kilichotoka.

"Asali irudi," baba akasema. Sauti yake ilikatika.

Mzee wa Basotu hakutukana. Alisema tu kwamba huenda watarudi baada ya mavuno ya ngano, na huenda wasirudi, ataangalia. "Mpaka hapo, watoto hawa wasipigiane simu wala wasiandikiane. Kama binti ana neno, alitunze mdomoni." Wakaondoka na dumu lao. Nililia nikiwa nimekumbatia gunia la vitunguu, na mpaka leo harufu ya vitunguu saumu vikavu hunirudisha pale.

Siku zilizofuata nyumbani hapakukalika. Mama alisema nimerogwa. Baba alisema ni jeuri ya simu, akaichukua akaifungia kwenye sanduku lake la nguo. Ukweli ni kwamba alikuwa ameaibika, na alikuwa ananihurumia, na hakujua afanye lipi kwanza. Mimi ndani ya siku chache nikawa natetemeka. Nashtuka nikidhani imelia. Napapasa mfuko wa sketi ambao hauna kitu. Na lile swali moja: watarudi? Hawatarudi? Amenichukia? Hakuna pa kuangalia. Ugali ulikuwa haupiti.

Aliyeniokoa ni shangazi. Aliingia chumbani, akanitazama, akafungua dirisha, akatoka kumwambia baba, "Kaka, huyu hana jeuri. Huyu anaumwa. Mtoto mwenye jeuri anakula." Kisha akarudi kwangu: "Vaa. Kesho tunaenda Mbulu mjini hospitali, kuna muuguzi wa mambo ya akili pale. Na usiniangalie hivyo, akili ni yako, inaumwa kama jino."

Namshukuru kwa sentensi ile kuliko zawadi zote alizowahi kunipa.

Kliniki ya kwanza mahindi yalikuwa yametoa mbelewele. Benchi la kusubiria liko kwenye kibaraza, upepo unapita. Nilikaa nimejifunika kanga usoni nikiogopa mtu wa Dongobesh asinione, na mtu wa kwanza kutokea alikuwa wa Dongobesh, mama mmoja muuza maharage, amemleta mwanawe mwenye kifafa. Akanikalia karibu kabisa, akatoa viazi vitamu vilivyochemshwa, akanimegea. "Kula, hapa wanachelewa," akasema. Basi. Hakuuliza nimefuata nini, wala sikusikia habari zangu zimefika mtaani. Jamani, watu wazuri wapo.

Muuguzi mwenyewe, Sista Devota, ni mama mnene mwenye haraka, anayeandika huku anaongea. Nilidhani ataniambia niitupe simu. Wala. Aliniuliza, "Ukiwa huna hakika na jambo, mwili unafanya nini?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilianza kumweleza na sikunyamaza, nilishangaa sauti yangu mwenyewe. Akaniandikia dawa za kumeza. Majina yake sitayataja hapa, dawa yangu si dawa yako, nenda ukapimwe wewe. Kisha akamwita shangazi: "Mwambie mzee amrudishie simu. Akimnyang'anya atajifunza kumwogopa baba yake tu, watu wengine ataendelea kuwaogopa vile vile."

Baba alirudisha simu imefungwa kwenye leso, kama vile ingevunjika. "Sikujua kama kuna ugonjwa wa hivi," akasema. Akakaa kidogo kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nikiwa mdogo, akaondoka.

Kazi alizonipa Sista zilikuwa za kuchekesha. "Nguo gani inakuchukua muda mrefu zaidi kushona?" Nikamwambia sketi ya marinda. "Sawa. Ukituma meseji, huangalii jibu mpaka umalize sketi ya marinda." Wee! Rinda la kwanza unakunja, la pili, mkono unakwenda mfukoni. Unaurudisha. La tatu, moyo unaenda mbio, labda amejibu, labda amekasirika, labda kuna msiba. Kunja. Piga pasi. Mara ya kwanza nilifika nusu nikashindwa. Mara ya pili nikashindwa karibu na mkanda. Siku niliyomaliza sketi nzima, nikafungua simu, nikakuta mteja ameandika "sawa". Sawa tu! Nimeteseka sketi nzima kwa ajili ya sawa. Nilicheka hadi mama akaja kuchungulia.

Kazi nyingine ilikuwa mnadani. "Nenda kaulize bei ya kitu usichotaka kununua, kisha useme hapana." Nilienda siku ya mnada, baridi ya mwezi wa saba imeshuka na ukungu, nikazunguka mara nyingi kama mwizi. Mwisho nikamsogelea mwenye mbuzi. Sauti ilitoka nyembamba sana. Akataja bei. Nikasema hapana, asante. Akapunguza. Nikasema hapana. Akapunguza tena, akanifuata na mbuzi wake mpaka kwenye mitumba, anasema, "Dada, wewe ni mgumu sana, sema basi bei yako!" Mimi mgumu! Niliporudi nilikuwa nimelowa jasho lakini nilikuwa natembea nimeinua kichwa, na mama aliniambia nimerudi na rangi usoni.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu zaidi kukubali. Alitaka maombi, na maombi tulifanya, padri alikuja nyumbani akaniombea, nashukuru. Ila kliniki hakutaka kuisikia mpaka siku moja shangazi alipokuwa na mgonjwa kwake, ikabidi mama anisindikize. Tulikaa kwenye lile benchi muda mrefu. Nilikuwa nimeishika simu mkononi, kioo kimeangalia chini, hiyo nayo ilikuwa kazi niliyopewa. Mama alikuwa anaitazama.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilipoolewa pale kwa baba yako, wageni wakija nilikuwa naingia jikoni. Napika mpaka wanaondoka. Hata chakula kikiwa tayari, nakoroga tu. Watu wakasema mke wa Tluway mchapakazi." Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa kanga. "Hata sasa bado naingia. Sasa wewe jiko lako ndilo hilo hapo."

Miaka yote nimekaa na mama yangu na sikuwa najua. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka jina langu lilipoitwa.

Usidhani ilikuwa kupanda tu. Tulivuna mahindi. Ngano Basotu ikaiva, nikasikia kwa wapita njia kwamba mashine za kuvunia zimeingia mashambani. Nilianza kusafisha sebule kila asubuhi. Kisha wapita njia wakasema mavuno yamekwisha, mashamba yamebaki mabua na ng'ombe wameingizwa. Hakuna aliyekuja.

Ile wiki nilirudi chini kabisa. Nilikaa na simu tangu asubuhi hadi jua linazama, nikitazama picha yake tu, kuona kama ameibadilisha. Niliandika meseji ndefu, ya kulia, ya kuomba, na kidole kilikuwa tayari juu ya kile kimshale cha kutuma. Nikakumbuka mzee yule: alitunze mdomoni. Nikaona nikiituma nitakuwa nimerudi stoo na kufunga mlango. Nikaifuta. Nikakaa kwenye cherehani nikaanza marinda, huku nalia, na yalienda kombo yote, ikabidi nifumue sketi nzima kesho yake. Mtoto wa watu alichelewa kupata sare yake kwa ajili ya moyo wangu. Nilimwomba radhi mama yake uso kwa uso, akasema hamna shida fundi.

Nilipomweleza Sista Devota, nilitegemea aniambie watakuja. Kila mtu nyumbani alikuwa ananiambia watakuja. Yeye akasema, "Mimi sijui kama watakuja. Wewe je?"

"Sijui."

"Na umekula leo?"

"Nimekula."

"Umeshona?"

"Nimeshona."

"Basi unaona. Hujui, na umekula, na umeshona." Akaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi yangu, akamwita mwingine.

Nilitoka nje nikiwa nimeudhika kidogo, nilitaka kubembelezwa. Ila nilipofika stendi nilikuwa nimeelewa. Tangu hapo kutojua kukawa kitu ninachotembea nacho, kama mtoto wa mgongoni. Mzito, lakini mikono iko huru.

Nikaanza na mashine ya kusaga. Siku ya kwanza niliiacha simu kwenye droo ya cherehani, nikajitwisha mahindi, nikaenda. Nikaipita kona ya duka la mbolea bila kitu sikioni. "Shikamooni." Mzee Bura akanitazama, akatazama mkono wangu, akaona hauna kitu. "Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?" Hajambo. "Na mama?" Hajambo. "Na lile jike lenu lenye mimba?" Limezaa. "Limezaa nini?" Dume. "Ahaa!" Hiyo ndiyo kesi niliyoiogopa mwaka mzima. Ndama. Nilikuwa namkimbia ndama.

Nikawa naenda kila wiki. Jasho lilikuja, nalo likazoea njia. Sketi ya bluu ikaanza kunibana, nikafumua mshono mmoja wa kiunoni, na nilipokuwa nafumua nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu pale kwenye cherehani.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, matope ya kwanza, siku niliyotoka mashine na debe la unga kichwani. Nimevaa kanga ya jikoni, nywele sijachana, unga mpaka kwenye kope. Niliwasalimia wazee nikataka kupita, Mzee Bura akaninyooshea fimbo.

"Simama kwanza. Leo hatukupigii, tunakwambia mdomo kwa mdomo. Wageni wako wamepita hapa. Yule mrefu wa Basotu. Wamebeba dumu."

Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika.

"Nenda nyumbani, mtoto," akasema, kwa upole ambao sikuutegemea. "Nenda taratibu, usimwage unga."

Ningepita na simu yangu sikioni, wasingeniambia. Hilo nililifikiria njia nzima.

Shangazi alikuwa ameshafika, ananisubiri kwa nyuma, karibu na banda. Nikatua debe. Nikataka kunawa uso, nibadilishe nguo. "Uache huo unga," akasema. "Wakikukataa kwa sababu ya unga hawakufai. Twende kabla moyo haujaanza kuuliza maswali." Tulipita chumba cha cherehani. Droo iko pale, simu iko ndani. Nakwambia kweli, mkono ulinyanyuka. Shangazi aliuona, hakusema kitu. Niliushusha mwenyewe.

Sebule ile ile. Dumu katikati. Macho yale yale, na kati yake ya Emanueli, amekonda, mkononi hana kitu. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, nikajua mama yuko ndani anakoroga.

Baba alisimama. "Natalia. Hawa wageni unawafahamu? Asali yao tuipokee?"

Koo likafunga. Ndiyo, lilifunga, baada ya dawa zote na mbuzi wote. Nilisikia mapigo masikioni, ganzi ikapanda mikononi. Sista alikuwa ameniambia, usisubiri hofu itoke ndipo uongee, itakuwepo, ongea ikiwepo. Baba akauliza mara ya pili. Niliiona midomo yake inatetemeka, nikatambua kwamba naye hajui. Mzee wa Basotu hajui. Emanueli hajui. Sebule nzima ilikuwa imekaa na kutojua, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na jibu.

"Nawafahamu," nikasema. Sauti ilikuwa ya mgonjwa. "Ipokeeni."

Mzee mrefu akainamisha kichwa upande mmoja, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema tena, binti. Masikio yangu ya kizee."

"Ipokeeni asali!" nikasema, na safari hii ilitoka mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. "Na mkae, mle chakula, msiondoke!"

Wakapasuka kwa kicheko. Shangazi akapiga kigelegele, na kabla hajamaliza kikajibiwa nyuma ya ukuta, mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akatoka na mwiko mkononi. Akasimama mbele ya wageni wote, akawasalimia mmoja mmoja, kisha akavuta kigoda akakaa nao.

Bado nakwenda kliniki, si mara kwa mara kama zamani. Simu ninayo, vipimo bado vinatumwa humo, na siku za baridi kali bado kuna asubuhi naiona dunia ya nje kubwa kuliko mimi. Nikiona hivyo naanza marinda.

Jioni ile, wageni wakiwa wanakula, tulipata nafasi ndogo ya kusimama barazani mimi na Emanueli. Tulikuwa na miezi ya maneno na hatukujua tuanzie wapi, kwa hiyo nikamwuliza tangu lini baba yake hasikii vizuri.

Emanueli akacheka ule ucheko wake wa polepole. "Yule? Anasikia ndama akikohoa ng'ambo ya Ziwa Basotu."